Saba Aprili ina watu wengi kuliko tunaowataja

Asubuhi ya tarehe 7 Aprili barabara za Dar es Salaam huwa nyepesi. Ofisi zimefungwa, shule zimefungwa, na daladala inakimbia bila foleni. Mwaka mmoja nilikuwa ndani ya daladala ya Mbagala redio ilipofika kwenye kipindi cha leo katika historia, na mtangazaji akaanza kusoma. Siku kama ya leo, mwaka 1972, aliuawa Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa Kwanza wa Zanzibar. Siku kama ya leo, mwaka 1954, alizaliwa mwigizaji Jackie Chan. Siku kama ya leo, mwaka 1947, alifariki Henry Ford, mtengenezaji wa magari. Leo pia ni Siku ya Afya Duniani, na wenzetu wa Rwanda wanakumbuka mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Halafu ukapigwa muziki.

Tarehe zote alizotaja zilikuwa sahihi. Kilichoniuma ni kwamba sauti yake haikubadilika, kutoka kwa Karume hadi kwa Jackie Chan hadi Rwanda, kana kwamba anasoma bei za nyanya sokoni. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakumtaja mwanamke aliyefia Dar es Salaam siku hiyohiyo, mwaka mmoja kamili kabla ya Karume. Nchi jirani nzima hupumzika kwa ajili ya mwanamke huyo. Sisi nasi tunapumzika siku hiyohiyo, na wengi wetu jina lake hatujawahi kulisikia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuatilia tarehe 7 Aprili, na nimefika mahali pa kusema wazi ninachoamini. Orodha hizi za redioni na za kwenye makundi ya WhatsApp zimetuzoesha kudhani kwamba namba ndiyo inayounganisha matukio. Namba haina uwezo huo. Matukio huunganishwa na mahali, na sababu, na watu waliokuwepo. Tarehe 7 Aprili ina viungo vya kweli vya namna hiyo, na vingi vinapita katika miji yetu, lakini orodha inavikata vyote ili kila tukio litoshe kwenye mstari mmoja.

Kwanza niuondoe uganga. Wapo wanaosema Aprili ni mwezi mzito kwa Tanzania: Karume tarehe 7, Edward Sokoine tarehe 12 mwaka 1984 katika ajali ya gari mkoani Morogoro. Mwezi hauna uzito wowote. Wakikaa watu 23 tu darasani, uwezekano wa wawili kati yao kuwa na siku moja ya kuzaliwa unazidi nusu. Sasa chukua vifo na uzazi na vita vya dunia nzima, uvigawe kwenye siku 366, hakuna siku itakayobaki tupu. Na Aprili hiyohiyo ndiyo ya Muungano. Karume na Mwalimu Nyerere walitia saini hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964, Muungano ukaanza tarehe 26, na katika hizo mbili tukachagua kusherehekea ya pili. Tulichagua wenyewe. Kila sikukuu ina watu walioichagua, na mara nyingi kulikuwa na siku nyingine ambayo wangeweza kuichukua wakaiacha.

Tuanze na Kisiwandui, mjini Zanzibar. Tarehe 7 Aprili 1972 ilikuwa Ijumaa. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na Mzee Karume alikuwa katika makao makuu ya Afro-Shirazi akicheza bao na wenzake, kama ilivyokuwa desturi yake. Miongoni mwa waliokuja kumpiga risasi alikuwa askari, Luteni Humud Mohammed Humud, ambaye naye hakutoka hai. Sheikh Thabit Kombo aliyekuwa pale alijeruhiwa. Karume alizikwa palepale Kisiwandui, Aboud Jumbe akashika uongozi, na tangu hapo kila mwaka viongozi hukaa kwenye mikeka pale, Kurani inasomwa, dua inaombwa.

Khitma hiyo ina jambo moja linalonifikirisha. Kwa kalenda ya Kiislamu, Karume aliuawa katika mwezi wa Safar wa mwaka 1392, mwezi ambao wazee wa pwani wanauita mfunguo tano. Ingefuatwa kalenda hiyo, kumbukumbu yake ingekuwa inasogea nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, na kufikia leo ingekwishapita masika, kipupwe na kaskazi na kurudi tena. Lakini khitma, ibada ya Kiislamu kabisa, inasomwa kwa tarehe ya kalenda ya serikali. Silaumu. Ninachosema ni kwamba hata pale Kisiwandui, penye kaburi na penye dua, siku yenyewe iliwekwa na dola.

Na dola ikiweka siku, huweka pia kitakachosemwa siku hiyo. Katika hotuba za tarehe 7 tunasikia, na ni haki tusikie, habari za baharia aliyekuja kuongoza nchi, elimu bure iliyotangazwa mwaka 1964, na majumba ya Michenzani yaliyojengwa kwa watu ambao hawakuwahi kuota kuishi kwenye ghorofa. Hatusikii majina ya Abdalla Kassim Hanga na Othman Sharif, viongozi wa mapinduzi yaleyale, waliorudishwa Zanzibar kutoka bara mwaka 1969 na hawakuonekana tena. Bila majina hayo mawili huwezi kuelewa kilichofuata baada ya risasi za Kisiwandui. Kesi ya mauaji ya Karume ilipofunguliwa Zanzibar, Abdulrahman Babu, mwanasiasa mwingine wa mapinduzi ya Zanzibar, alikuwa kizuizini bara, na Mwalimu alikataa kumpeleka. Babu alihukumiwa kifo bila kuwepo mahakamani, akabaki kizuizini bara hadi alipoachiwa mwaka 1978. Yaliyowapata Hanga na Othman Sharif mwaka 1969 yalikuwa yanajulikana. Ndiyo maana nasema tukio la 1972 limeshikana zaidi na la 1969 kuliko na jambo lolote duniani lililotokea tarehe 7 Aprili. Orodha ya tarehe haiwezi kukuambia hivyo, kwa sababu Hanga na Othman hawana tarehe.

Hawana tarehe. Familia zao hazikupewa hata siku ya kusomea khitma.

Sasa yule mwanamke. Aliitwa Josina Muthemba, na baada ya kuolewa, Josina Machel. Alizaliwa Agosti 1945 mkoani Inhambane, kusini mwa Msumbiji, katika familia ambayo tayari ilikuwa imeonja jela za Wareno. Akiwa na miaka 18 alitoroka na vijana wenzake wakielekea Tanganyika kujiunga na FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji. Walikamatwa karibu na maporomoko ya Victoria, wakarudishwa, wakafungwa. Alipotoka alijaribu tena kwa njia nyingine, kupitia Swaziland na Botswana, na mwaka 1965 akafika Dar es Salaam. Alifanya kazi katika Taasisi ya Msumbiji, shule iliyoendeshwa na FRELIMO hapa mjini. Akapewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi. Akaikataa, akaenda vitani.

Mwaka 1967 alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Msumbiji kupewa mafunzo ya kijeshi Nachingwea. Kikosi chao cha wanawake hakikubeba bunduki tu. Kilibeba mizigo ya dawa, kilizungumza na wanavijiji, na kilikusanya watoto waliopotelewa na wazazi. Josina ndiye aliyesimamia vituo vya watoto hao, na baadaye akaongoza idara ya mambo ya jamii ya FRELIMO. Mei 1969 aliolewa na Samora Machel, kamanda wa FRELIMO, huko Tunduru, na mtoto wao wa kiume akazaliwa Novemba mwaka huohuo. Baada ya hapo alirudi kazini, akisafiri kwa miguu ndani ya Niassa na Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, huku mwili ukimwishia nguvu. Safari yake ya mwisho alirudi akiwa mgonjwa sana. Alifariki Dar es Salaam Jumatano, tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25. Alizikwa katika ardhi ya mji huu, na baadaye sana mabaki yake yakapelekwa Maputo kulazwa pamoja na mashujaa wengine.

FRELIMO ikaifanya tarehe hiyo kuwa Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Hadi leo, tarehe 7 Aprili, wanawake wa Maputo, Beira na Pemba ya Msumbiji huvaa capulana, vitambaa ambavyo mwanamke wa Mtwara angevitambua mara moja, na nchi hupumzika. Wana pia tarehe 3 Februari, Siku ya Mashujaa, ambayo ni siku aliyouawa Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, mwaka 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Naye aliuawa Dar es Salaam. Sikukuu mbili za taifa la Msumbiji zimetokana na vifo vilivyotokea katika mji wetu, ndani ya miaka miwili na ushei. Mtoto wa shule wa Dar es Salaam anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuambiwa jambo hili, ingawa mitaa anayopita kila siku ndiyo ile ambayo watu hao waliishi, walikula na kufia. Tuliwapa wapigania uhuru ardhi na hifadhi, tukawagawia chakula chetu, wengine tukawazika kwa mikono yetu. Halafu tukaacha wenyewe waje kuchukua kumbukumbu zao, sisi tukabaki bila kitu cha kuwaambia watoto.

Hapo ndipo ninapoona hasara ya orodha. Karume na Josina walikufa tarehe moja, mwaka mmoja baina yao, katika nchi moja, kila mmoja akiwa mtumishi wa harakati ya kung'oa utawala wa wageni. Nani asiyeona kwamba hawa wawili wana cha kuzungumza kuliko alivyo nacho Karume na Henry Ford? Lakini orodha nyingi zinazosambaa huandaliwa mbali, kisha zinatafsiriwa, na sisi tunachomeka Karume juu ili zifanane na zetu.

Siku ya Afya Duniani ilivyofika tarehe 7 ni hadithi fupi lakini inafaa kujulikana. Katiba ya Shirika la Afya Duniani ilitiwa saini New York tarehe 22 Julai 1946 na nchi 61, ila ilianza kufanya kazi tarehe 7 Aprili 1948, idadi ya nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilizoiridhia ilipotimia 26. Mara ya kwanza Siku ya Afya iliadhimishwa tarehe 22 Julai 1949. Ikaonekana kwamba wanafunzi hawapatikani kipindi hicho cha likizo, na kuanzia mwaka 1950 ikahamishiwa tarehe 7 Aprili. Siku ya dunia nzima ilihamishwa kwa sababu ya ratiba za shule. Hakuna ubaya. Ila anayedhani tarehe zinashuka kutoka mbinguni aifikirie habari hiyo.

Kuna waliozaliwa au kufa tarehe hii ambao tarehe yenyewe si yao kabisa. Francis Xavier, mmisionari maarufu wa Wajesuiti, anasemekana kuzaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya Javier, Navarra, na tarehe 7 Aprili 1541, siku aliyotimiza miaka 35, alipanda meli Lisbon kwenda India. Njiani walikaa miezi mingi Kisiwa cha Msumbiji, kisha mwaka 1542 wakatia nanga Malindi. Katika barua yake anasimulia jinsi Mwislamu mmoja mwenye heshima wa Malindi alivyomuuliza kama Wakristo wanahudhuria makanisa yao, akamlalamikia kwamba katika misikiti 17 ya mji, ni mitatu tu iliyokuwa bado inasaliwa na watu. Ni mojawapo ya mazungumzo ya kale ya Malindi tuliyoachiwa, watu wawili wa dini wakiulizana kwa nini watu wamelegea. Basi, tarehe za Xavier ni za kalenda ya zamani ya Kirumi. Mwaka 1582 Papa Gregory wa Kumi na Tatu aliisahihisha, siku kumi zikarukwa, tarehe 4 Oktoba ikafuatiwa na tarehe 15. Kwa hesabu tunayotumia leo, Xavier alizaliwa tarehe 17. Na mwenyeji wake wa Malindi hakuwa na Aprili wala 1542. Alikuwa anahesabu miezi ya Hijra na mifunguo yake.

Toussaint Louverture ananigusa zaidi. Alizaliwa mtumwa, akawa jenerali aliyeongoza watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Wafaransa ambalo leo ni Haiti, hadi wakavunja minyororo, kisha mwaka 1802 Wafaransa wakamwita kwenye mazungumzo wakamkamata kwa hila. Alikufa tarehe 7 Aprili 1803 katika ngome ya Fort de Joux, milimani mashariki mwa Ufaransa, kwa baridi na kutotunzwa. Miezi tisa baadaye, tarehe 1 Januari 1804, wenzake walitangaza uhuru wa Haiti. Lakini Ufaransa ya siku zile ilikuwa imeifuta kalenda ya Kikristo na kuweka ya mapinduzi, hivyo kwa hesabu ya waliomfunga, siku aliyokufa ilikuwa tarehe 17 ya mwezi wa Germinal, mwaka wa 11. Kalenda hiyo ilidumu miaka michache tu kisha Napoleon akaifuta. Waliomfunga walijipa hata mamlaka ya kuubatiza upya wakati, na tarehe tunayomkumbukia leo haikuwa kwenye vitabu vyao.

Nimwongeze Billie Holiday, aliyezaliwa Philadelphia tarehe 7 Aprili 1915, mwimbaji aliyethubutu mwaka 1939 kurekodi wimbo kuhusu miili ya watu weusi iliyoning'inizwa mitini kusini mwa Marekani. Nisimrefushe. Yuko mbali na ninachokitafuta, ingawa kila ninaposoma habari za Toussaint namfikiria.

Sasa tufike Rwanda, na hapa naomba msomaji aende nami taratibu.

Jumatano, tarehe 6 Aprili 1994, marais wa ukanda huu walikutana Dar es Salaam chini ya uenyeji wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Mazungumzo yalihusu Burundi na utekelezaji wa Mkataba wa Arusha, uliosainiwa Agosti 1993 kumaliza vita vya Rwanda. Mkutano ulipoisha, Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda aliondoka kwa ndege yake, na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ambaye alikuwa na miezi miwili tu madarakani, akaomba kupanda naye. Ndege ilipokaribia kutua Kigali, kama saa mbili na dakika ishirini za usiku kwa saa za kule, ilipigwa kwa makombora ikaanguka. Dar es Salaam ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Waliokuwemo wote walikufa. Usiku uleule vizuizi vikawekwa barabarani. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 7, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa pamoja na mumewe, wakauawa pia askari kumi wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, na orodha za majina zikaanza kupitishwa nyumba kwa nyumba. Pasaka ilikuwa Jumapili iliyotangulia. Katika siku zipatazo mia moja waliuawa watu ambao serikali ya Rwanda inasema ni zaidi ya milioni moja, wengi mno wakiwa Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kuua.

Angalia sasa jinsi usiku ule mmoja ulivyogawanywa. Burundi hupumzika tarehe 6, kumkumbuka Ntaryamira. Rwanda huanza maombolezo yake tarehe 7, moto unawashwa Gisozi, mjini Kigali, juu ya makaburi ya watu zaidi ya laki mbili na nusu. Umoja wa Mataifa ulifuata tarehe 7 kwa azimio la Desemba 2003, na mwaka 2018 ukairekebisha jina ili itamkwe wazi kwamba ni mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ndege ilikuwa moja na usiku ulikuwa mmoja, lakini majirani wawili wana tarehe mbili. Wala hakuna aliyekosea. Burundi inamlilia rais wake aliyekufa ndegeni. Rwanda haikubali mauaji ya watu wake yahesabiwe kuanzia kwenye ndege, kwa sababu waliokuwa wakiyaeneza walidai ndege ndiyo sababu, na kwamba watu walipandwa hasira tu. Kuanzia tarehe 7 ni kusema kwamba yaliyotokea asubuhi ile yaliandaliwa na watu, kwa orodha na kwa silaha. Katika kuchagua siku moja badala ya iliyotangulia kuna hoja nzima ya historia, nami naikubali hoja hiyo.

Lakini Kiswahili nacho kina neno lake hapa. Wazee wetu wa pwani huanza siku jua linapozama. Usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaoitangulia Ijumaa ya mchana, na hata sisi tusiojali hesabu hiyo bado tunasema usiku wa kuamkia Alhamisi. Kwa hesabu hiyo ndege ya Habyarimana haikuanguka tarehe 6. Ilianguka saa mbili za siku mpya, Alhamisi ikiwa imeshaingia tangu magharibi. Mpaka unaoitenganisha tarehe ya Bujumbura na ya Kigali ni usiku wa manane wa saa za ofisini. Lugha yetu inauona usiku ule na asubuhi ile kama siku moja, vifo vyote vikiwa ndani yake. Sitaki Burundi wala Rwanda wabadilishe chochote. Nataka tu Mswahili anapoisoma habari hii ajue kwamba lugha yake ina namna ya kuwaombolezea wote kwa pamoja.

Wala sisi hatukuwa watazamaji. Safari ile ilianzia uwanja wetu wa ndege. Wiki tatu baadaye, ndani ya saa 24 hivi, wakimbizi wanaokaribia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na wauaji walikuwemo ndani ya umati huo. Mto Kagera ulileta miili hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wa upande wa Uganda wakaiopoa na kuizika Kasensero. Mahakama ya kimataifa iliyowashtaki wakuu wa mauaji ilikaa Arusha, mji uleule uliosainiwa mkataba uliokufa, na hapo, tarehe 2 Septemba 1998, ikatoka hukumu ya kwanza duniani ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba. Haya yote ni historia ya Tanzania pia. Mtangazaji anaposema wenzetu wa Rwanda wanakumbuka, anaisukuma mbali habari ambayo nusu yake ilipita kwetu.

Ningeomba basi walimu na watangazaji wafanye jambo dogo. Tarehe 7 Aprili ijayo, wamwache Henry Ford na wenzake kwa siku nyingine. Wachukue ramani. Waweke kidole Kisiwandui, kisha Dar es Salaam, Tunduru, Nachingwea, Rusumo, Arusha, na kila kidole kinapotua wamtaje mtu na wamsimulie kwa dakika tano badala ya mstari mmoja. Wamtaje Hanga pia, ingawa hana tarehe.

Nami kuna kundi ambalo nisingependa lisahauliwe, nalo ni watoto. Amani Abeid Karume alikuwa kijana wa miaka 23 baba yake alipouawa. Miaka 28 baadaye akawa Rais wa Zanzibar, na kwa miaka kumi khitma ya serikali aliyohudhuria kama rais ilikuwa khitma ya baba yake mzazi. Mtoto wa Josina hakuwa ametimiza mwaka mmoja na nusu mama yake alipofariki. Watoto watano wa Agathe Uwilingiyimana walijificha asubuhi ile ya tarehe 7, karibu kabisa na mahali wazazi wao walipouawa, wakanyamaza hadi wauaji walipoondoka. Miongoni mwa waliosaidia kuwaficha na kuwatoa salama alikuwa Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa ambaye hakuwa na silaha. Baadaye watoto hao walifika Uswisi, nchi ileile ambayo Josina alikataa kwenda kusoma ili aende vitani.

Diagne aliendelea kupitisha watu kwenye vizuizi vya Kigali, wachache wachache, ndani ya gari lake, kwa wiki kadhaa. Kombora lilimuua akiwa kwenye kizuizi cha barabarani tarehe 31 Mei 1994. Sijawahi kusikia tarehe hiyo ikisomwa redioni.